Maneno ya Kushonwa

Kila Damyanti alipokanyaga cherehani, alisafiri. Mguu ulibaki Kilburn, katika chumba cha ghorofa ya pili juu ya duka la mboga, na mwenyewe akawa ameshakwenda zake. Kwa miaka kumi aliyokaa London alikuwa amerudi Unguja mara zisizo na idadi kwa njia hiyo, bila pasipoti wala nauli. Lakini mwaka 1978, miti ya mtaani ilipoanza kutoa majani mapya, cherehani ilimpeleka mahali asipopajua. Ilimpeleka Paris, wala si Paris ya siku hizi, bali ya zaidi ya miaka mia mbili na hamsini nyuma, kwenye gulio lenye matope ya kufika vifundoni, ambako watu walitembea juu ya kamba, kima walivalishwa makoti ya kiungwana, na wachezaji wa vichekesho walikuwa wamepigwa marufuku kusema.

Aliyempa safari hiyo alikuwa kijana mwembamba aitwaye Severin, mtu wa Bukoba, aliyekuja London kusomea shahada ya pili. Wenzake walichagua sheria na kilimo. Yeye alichagua vichekesho vya Wafaransa wa karne ya kumi na nane, na kila barua iliyotoka kwao ilimuuliza kama hao Wafaransa watamjengea baba yake nyumba ya bati.

Siku ya kwanza aliingia na furushi kubwa kifuani.

"Shikamoo, Mama Champa."

"Marahaba. Ya kupunguza au ya kuongeza?"

"Ni mashuka."

"Mashuka hayapunguzwi, mwanangu."

Severin akacheka, akaliweka furushi chini. Yalikuwa mashuka meupe ishirini na manne. Alitaka kila shuka lishonewe herufi za kitambaa cheusi, kubwa za kusomeka kutoka mwisho wa ukumbi. Watu wa Afrika Mashariki waliokaa Kilburn na mitaa ya jirani walikuwa wakikutana Jumamosi moja kila mwezi katika ukumbi wa kanisa, na Jumamosi ya mwezi Juni walikuwa wamempa yeye afanye mchezo wake.

"Na wachezaji watafanya nini, ikiwa maneno yako kwenye mashuka?" Damyanti aliuliza.

Kijana akakaa juu ya furushi lake. Uso ulimng'aa kama wa mtu aliyeulizwa habari za mchumba wake. "Sikiliza, mama. Pale Paris kulikuwa na kundi kubwa la wachezaji lenye hati ya mfalme. Wao peke yao ndio waliokuwa na haki ya kucheza michezo ya kusemezana. Wale wa gulioni, waliochezea watu wa kawaida, walipoanza kujaza mabanda yao, wakubwa wakaona wivu wakaenda kushtaki. Amri ikatoka: gulioni watu wasijibizane jukwaani. Wakacheza mtu mmoja akisema peke yake na mwenzake akijibu kwa mikono. Wakabanwa tena. Ndipo watunzi wao wakaandika maneno kwenye mabango, yakawa yanateremshwa kutoka juu. Fidla zinapiga wimbo ambao kila mtu anaujua tangu utotoni, na watazamaji wenyewe wanaimba maneno mapya yaliyoandikwa. Mchezaji kafumba mdomo! Sasa askari amkamate nani? Ukumbi mzima?"

Damyanti alikuwa na pini mdomoni, akazitoa ili acheke vizuri. "Mahodari hao. Kwetu wangeeleweka. Kwetu nguo husema, mwenye kuivaa kanyamaza kimya."

Mara tu alipoyatoa maneno hayo kicheko kikamkauka. Akainamisha kichwa akaanza kuhesabu mashuka, ingawa Severin alikuwa amekwisha kumwambia idadi.

Nguo ndiyo iliyomkosanisha na Zainab.

Walizaliwa mwaka mmoja, Hurumzi, katika nyumba mbili zilizotazamana juu ya uchochoro mwembamba kiasi kwamba mtu wa dirisha hili aliweza kumpa mtu wa dirisha lile sahani mkononi. Damyanti ni Mhindu, Zainab ni Mwislamu mwenye asili ya Oman, na hakuna siku ambayo hilo liliwashughulisha isipokuwa wakati wa kugawana vyakula vya sikukuu. Baada ya mapinduzi walitawanyika. Kisha dunia, ambayo wakati mwingine ina huruma, ikawakutanisha tena Kilburn, mitaa miwili tu baina yao. Walikuwa kama pete na kidole.

Mwaka 1972 Zainab alimwoza binti yake. Damyanti alitaka kutoa zawadi ya kwao, akaenda Ilford, mashariki ya London, kwa mtu wa Mombasa aliyeuza kanga kutoka kwenye sanduku la safari. Akachagua kama mshonaji anavyochagua. Alitazama pindo kama limechapwa sawasawa, akatazama maua ya mji, yaani ya katikati, akasugua kitambaa kwa dole gumba kujua kama kitachuja rangi. Doti ilikuwa imekunjwa na jina, yale maneno ya kanga, likawa ndani. Hakuifunua. Ilifunuliwa siku ya harusi, mbele ya wanawake sitini, na mama mmoja mwenye sauti kubwa akasoma: *Hukupendwa, umejipendekeza.*

Bibi harusi akainuka akaenda chumbani.

Zainab hakuuliza neno. Kesho yake alipita mbele ya dirisha la Damyanti amejitanda kanga juu ya koti la baridi, na kesho kutwa akapita, na siku ya tatu akapita, polepole, mpaka Damyanti akasoma: *Nimekujua leo, nilikudhani mwenzangu.* Damyanti akaenda kubisha hodi. Ndani redio ilikuwa inasema. Alipobisha mara ya pili, redio ikazimwa. Akasimama pale mvuani, kisha moyo wake nao ukaingia ukungu. Mtu wa miaka yote hii anawezaje kuamini kuwa nina nia kama hiyo? Akarudi nyumbani amenuna. Na kununa kwa watu wawili wanaopendana ni kazi inayofanywa kwa bidii; waliifanya miaka sita, kila mmoja akivuka barabara anapomwona mwenzake.

Basi Damyanti alishona. Alikata *a* na *b* za kitambaa cheusi, akazibandika kwa pini, akazizungushia uzi. Severin alimletea maneno vipande vipande. Mchezo wenyewe ulikuwa mwepesi: mfanyabiashara wa hariri, mchoyo mwenye tumbo la mto wa kulalia, mtumishi wake mjanja mwenye suruali ya viraka vya kila rangi, na wanawake wawili majirani ambao yule mchoyo aliwagombanisha kwa uzushi ili wasipate nafasi ya kumsema yeye. Champa, binti wa Damyanti mwenye miaka kumi na sita, alipewa nafasi ya mmoja wa wale majirani. Champa alisikia Kiswahili chote na hakujibu hata siku moja isipokuwa kwa Kiingereza, na kwa mara ya kwanza alifurahi kuitwa kwenye jambo la wazee, kwa sababu hapakuwa na kusema.

Cherehani ilipokolea, kuta zilisogea. Damyanti aliona mabanda ya mbao, akasikia harufu ya maandazi ya Kifaransa yakikaangwa kwa siagi, akamwona mtunzi fulani mwenye wino vidoleni akiandika ubeti juu ya goti lake huku mchezaji anavuta kamba ya pazia. Kisha gulio likapinda kona, na kona ile ilikuwa ya Hurumzi. Mabango yalining'inia kati ya madirisha. Watu wa Paris na watu wa Unguja walisimama pamoja uchochoroni wametazama juu, wakisubiri kuona nguo itakayofuata inasema nini. Katika dirisha moja hapakuwa na mtu, ila pazia lililofungwa.

Jioni moja mume wake, Jitendra, alirudi kutoka kazini. Alikuwa mkata tiketi wa stesheni ya treni ya chini ya ardhi hapo Kilburn, na habari zote za mtaa zilipita mbele ya kidirisha chake.

"Zainab anahama," alisema.

Cherehani ikasimama. "Wapi?"

"Maskati, kwa mwanawe. Kapata kazi kubwa huko, anataka mama yake. Anaondoka Jumanne, baada ya ile Jumamosi yenu. Wenzake watamuaga hapo hapo ukumbini, mchezo ukimalizika."

"Kaniulizia?"

Jitendra alivua kofia yake ya kazi, akaiweka mezani taratibu. "Kaniuliza treni za uwanja wa ndege."

Chini mwenye duka la mboga alikuwa anavuta makreti ndani.

"Nenda kabishe hodi, Mama Champa."

"Nilibisha. Akazima redio."

"Miaka sita hiyo! Labda redio yenyewe imekufa."

"Usinifanyie mzaha, Baba Champa. Akiondoka hivi hivi, basi. Maskati si Ilford."

Usiku ule hakulala vizuri, na kila siku iliyofuata aliihesabu. Zilibaki kumi na moja, zikabaki tisa. Zilipobaki saba, Severin alikuja amebeba shuka moja jeupe lisilo na kitu, kalivaa shingoni kama mtu aliyetoka kuoga.

"Hili nimeshindwa," alisema. "Ni pale jirani mmoja anakwenda chini ya dirisha la mwenzake kuomba radhi. Mtunzi wa gulioni angepata ubeti kabla chai haijapoa. Mimi nimeshamaliza wiki mbili. Kila nikiandika, naona kama barua ya kuomba kazi."

"Wewe una miaka mingapi?"

"Ishirini na sita."

"Basi hujakosana na mtu sawasawa. Niachie."

"Nikuachie ubeti?"

"Shuka, ubeti na wimbo wake. Ila nina sharti. Nitamfundisha Rajab wa fidla peke yake wimbo huo. Wale waimbaji wako uliowapanga wakae katikati ya watu waanzishe, hawa usiwafunze."

Severin akavua shuka shingoni. Alikuwa mtu wa mpango. Madaftari yake yalipigwa mistari kwa rula. "Mama, na kama hakuna anayeujua? Ukumbi utakaa kimya. Mchezo utakufa pale pale."

"Yuko mtu mmoja anaujua," alisema Damyanti. "Akikaa kimya huyo, mchezo wangu ndio utakuwa umekufa. Wako utaendelea na shuka la kumi na tisa."

Kijana akalikunja shuka, akampa. Kisha, kwa kuwa alikuwa na adabu zaidi kuliko alivyokuwa na mpango, hakuuliza zaidi.

Wimbo huo hakuna aliyeutunga ila watoto wawili wa miaka minane. Zamani hizo, walipogombana na mmoja akafunga dirisha, mwingine alisimama upande wake akauimba mpaka dirisha likafunguliwa. Rajab mpiga fidla, mzee aliyeosha vyombo hotelini siku za kazi na kupiga taarabu siku za mapumziko, alikuja akaketi kwenye kiti cha wateja. Damyanti akampigia wimbo kwa mluzi mwembamba, macho yamefumbwa.

"Mbona mfupi hivi?" Rajab aliuliza. "Haujaanza umeshaisha."

"Tulikuwa hatuna subira."

Maneno aliyakumbuka akiwa anakata herufi. Yalimjia yenyewe, bila kuyatafuta, kama maji yanavyojua mtaro wake. Alishona shuka lile kwa mkono tangu mwanzo mpaka mwisho.

Jumamosi ilikuwa ya jua. Saa nane mchana mwanga uliingia kwa madirisha marefu ya ukumbi wa kanisa na kulala juu ya viti kama unga. Watu walikuja na watoto, vyombo vya pilau, chupa za chai; sambusa zilipangwa nyuma kwa ajili ya kuaga. Damyanti alisimama nyuma ya pazia, kamba za mashuka mkononi, maana ni yeye aliyejua shuka gani limefungwa wapi. Katika pazia palikuwa na upenyo wa jicho moja. Akamwona Zainab. Alikaa safu ya sita, mtandio wa kijani, mkoba magotini, mgongo umenyooka kama mtu aliyeko kwenye chumba cha daktari.

Shuka la kwanza likashuka. Rajab akapiga wimbo wa harusi ambao hata watoto waliozaliwa London wanaujua. Watu wakatazamana. Mfanyabiashara mchoyo akapanua mikono, akafungua mdomo, akaufumba. Rajab akarudia. Wale waimbaji waliopangwa wakaanza, mama mmoja akafuata huku anajificha kwa kiganja, halafu safu yake yote. Kufikia shuka la nne ukumbi ulikuwa unaimba kwa sauti ya kutetemesha vioo. Kufikia la tisa walikuwa wanamzomea mchoyo kwa nyimbo na kumwambia mtumishi wapi funguo zimefichwa. Severin, pembeni, alishika daftari lake kifuani kama kitabu cha sala. Vijana wa Kilburn na vibibi vya Pwani walikuwa wamekuwa watu wa gulio, na hakuna hata mmoja aliyejua kuwa amevuka miaka.

Damyanti akashika kamba ya kumi na nane. Jukwaani Champa alitembea hadi chini ya dirisha la mbao, akapiga goti. Shuka likateremka.

*Fungua dirisha, shoga uliyenuna,*
*Kosa lote langu, haluwa yako wewe.*

Rajab akapiga. Hakuna aliyeimba. Watu walifungua vinywa, wakausikiliza wimbo, wakavifunga. Rajab akapiga mara ya pili. Mtu akakohoa. Mtoto akauliza kwa Kiingereza kama mchezo umekwisha. Champa alibaki amepiga goti, na shingo yake ikaanza kuwa nyekundu. Kwenye upenyo wa pazia Damyanti aliuona mtandio wa kijani, hautikisiki. Mikono ilikuwa juu ya mkoba. Macho yalikuwa juu ya shuka, yakisoma, yakirudi mwanzo, yakisoma.

Basi, alijiambia Damyanti. Jumanne itafika.

Rajab, Mungu ambariki, alipiga mara ya tatu, polepole zaidi.

"Aka!"

Kiti kilisukumwa. Zainab alikuwa amesimama.

"Aka, sivyo hivyo! Nani kaandika upuuzi huu? We Damyanti, uko wapi? Toka huko nyuma!"

Vichwa vyote viligeuka. Baadhi ya watu walifikiri ni sehemu ya mchezo, wakapiga makofi.

"Ndivyo ulivyo!" Damyanti alijikuta anajibu kutoka nyuma ya pazia. "Kosa lote langu, haluwa yako wewe!"

"Haluwa yangu tangu lini? Ulikuwa ukila nusu, ukimaliza unaramba na vidole vyangu! Umezeeka umesahau? Na nani kakwambia kosa lote lako? Hatukuimba hivyo hata siku moja. Rajab, piga!"

Rajab akapiga. Na Zainab, aliyekuwa hajaimba mbele ya watu tangu akiwa mwari, akaimba, sauti kavu kidogo juu, nzito chini, kidole kikipiga mapigo juu ya mkoba:

*Fungua dirisha, shoga uliyenuna,*
*Kosa nusu nusu, haluwa nusu nusu.*

Alipofika kwenye *nusu* ya mwisho sauti ilimkatika. Alibaki amesimama, kidole hewani. Yeye mwenyewe alikuwa amesikia alichokisahihisha.

Damyanti akaziachia kamba. Mashuka sita yaliyobaki yakaanguka kwa pamoja juu ya jukwaa, mengine juu ya tumbo la mchoyo, na yeye akatoka katikati yake, pini zingali kwenye blauzi. "Mama Champa!" Severin alinong'ona kwa hofu. "Jukwaani hakusemwi!" Lakini ukumbi ulikuwa umekwisha kuujua wimbo. Rajab hakuhitaji kuambiwa. Watu mia waliimba *nusu nusu* wakipiga miguu sakafuni, na Champa akainuka kutoka kwenye goti akaimba nao, kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo mama yake hakuwa ameijua.

Wanawake wawili walikutana kwenye njia kati ya viti.

"Ilikuwa imekunjwa," alisema Damyanti. "Wallahi sikuifunua. Nilitazama maua."

"Maua!" Zainab alisema. "Mshonaji gani hafunui nguo?" Kisha akashusha pumzi. "Na mimi nilikuwemo ndani siku ile. Nilikusikia ukibisha. Nikazima redio ili nikusikie vizuri zaidi, kisha sikufungua. Hiyo ndiyo nusu yangu."

Severin aliandika baadaye, katika kurasa za mwisho za tasnifu yake, kwamba jaribio la Kilburn lilishindwa kuanzia shuka la kumi na nane, kwa kuwa watazamaji walianza kumsahihisha mtunzi. Mwalimu wake akaweka alama ya kuuliza pembeni. Yeye hakuifuta sentensi.

Jumanne Damyanti alimsindikiza Zainab uwanja wa ndege. Walipanda treni Kilburn. Jitendra aliwafungulia kizuizi na kubeba sanduku mpaka kwenye ngazi. Walikaa wamebanana, mkoba wa Zainab ukiwa kati yao, na miaka sita ni mingi: nani amezaa, nani amefiwa, dawa gani inafaa magoti, nani hasa aliutunga mstari wa kwanza wa ule wimbo. Juu ya hili la mwisho hawakukubaliana. Treni ikaingia stesheni ya Piccadilly Circus, ambako walitakiwa washuke wabadilishe, ikafungua milango, ikafunga, ikaondoka.

"Ilikuwa ile?" Zainab aliuliza.

"Ilikuwa ile."

Zainab akatazama saa yake, akatazama sanduku. "Haidhuru, muda tunao," alisema. "Endelea. Ulisema yule mkwe wa Kanti wa Hurumzi alifanya nini?"